Nilichosema Alhamisi

Jumapili, mwezi wa kumi, 1984. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Nyambene kama watu waliokuja mkutano na hakuna anayetaka kuufungua.

Daftari langu, nisamehe. Mara ya mwisho nilipokufungua mtoto hakuwa ameota jino hata moja, na sasa ana manne. Nikisema ni kazi iliyonizuia nitakuwa nadanganya, ingawa kazi iko. Nepi, kuni, foleni ya bomba, Mwenda, mkubwa wangu, na kikohozi chake. Lakini mtu akitaka kuandika huandika hata maziwa yakiwa jikoni. Mimi sikutaka. Kuna jambo lilikuwa likiningoja kwenye ukurasa huu, na nilijua nikishika kalamu litatangulia mengine yote.

Leo nimeishika. Watoto wamelala kwa sababu ya joto, wote watatu kwenye mkeka mmoja.

Watatu. Wangu ni wawili.

Wa tatu ni Nakiru, mtoto wa jirani, ana miaka mitano. Mama yake, Mama Nakiru, yuko gerezani. Na aliyempeleka huko, ukiacha askari na ukiacha sheria, ni mimi. Nilimpeleka nikiwa nimesimama kanisani, nimefunga kitambaa cheupe kichwani, machozi yakinitoka. Kila mtu pale alisema nimefanya vizuri.

Wacha niandike kwa utaratibu, maana nikiruka nitajihurumia.

Mimi na Mama Nakiru tunagawana ukuta wa mabati hapa mtaa wa Chechelesi, Isiolo. Akikohoa nasikia, nikimwita Mwenda anaitika yeye kwa utani. Yeye ni Mturkana, mimi ni Mmeru wa Nkubu, na Kiswahili tunachoongea kila mtu amekileta kutoka kwao. Mume wake alikuwa na mbuzi. Ukame ukawamaliza, akafuata wale wachache waliobaki mpaka upande wa Biliqo, na tangu mwaka jana hakuna lori lililoleta habari yake. Mama Nakiru alikuwa akifulia watu wa serikali nguo. Maji yalipoadimika, watu wakaanza kuvaa shati siku nne, na kazi ikaisha.

Baba Mwenda ni wa idara ya mifugo. Mtoto wetu wa pili alipokuja, yeye alikuwa Garbatulla anachanja ng'ombe waliobaki, na uchungu ulinishika kabla ya mtu yeyote kupata gari. Mama Nakiru ndiye aliyenizalisha. Alichemsha wembe, akafunga kitovu kwa uzi, akanifuta uso kwa kanga yake mwenyewe. Wiki tatu alinibebea maji, mtungi wake na mtungi wangu. Hakuniuliza kitu, na mimi nilizoea, kama mtu anavyozoea kivuli cha nyumba.

Kanisani tulikuwa tukikaa pamoja. Hajui kusoma. Alhamisi asubuhi ananisuka nywele, mimi namsomea Neno, mchana tunakwenda ushirika tukiwa tumefunga vitambaa vyetu. Ilikuwa hivyo miaka miwili.

Mwezi wa saba alikuja kuniomba chujio. Akasimama mlangoni, akikunjakunja ncha ya kanga kwa vidole.

"Mama Mwenda, nimeanza kupika chang'aa."

Nikamwambia hiyo ni mbaya. Nilisema kwa sentensi moja, haraka, kama mtu anayefunga dirisha.

"Najua ni mbaya," akasema. "Mimi sikuja uniambie ni mbaya. Nimekuja kwa sababu hii kitu ni nzito, na nikibeba pekee yangu nitaanguka."

Ule unga wa manjano wa msaada alikuwa akiugawa: nusu ugali, nusu pombe. Nilipaswa kumwambia aketi. Nilipaswa kuuliza tutafanya nini, wewe na mimi, mpaka mvua ije. Ningekuwa mkali pia, lakini mkali nikiwa nimeketi naye. Badala yake nilimwambia nitamwombea, na nikampa chujio.

Nilinyamaza wiki nyingi. Nilisikia harufu ikipita juu ya mabati saa za mchana. Niliona wanaume wakiingia wima na kutoka wakishika ukuta. Siku moja mmoja alilala mbele ya mlango wetu na Mwenda akaniuliza kama amekufa. Hayo yote yalikuwa kweli, na bado nasema yalikuwa mabaya. Lakini si hayo yaliyonifungua mdomo.

Hapa ndipo sitaki kuandika.

Ilikuwa viatu.

Asubuhi moja Nakiru alitoka amevaa viatu vipya vya plastiki, vya buluu, vyenye kifungo cha pembeni. Alikuwa akitembea polepole akiinamisha kichwa, anasikiliza sauti yake mwenyewe chini. Tap, tap. Mwenda alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Akaangalia miguu ya Nakiru, akaangalia miguu yake, akaniangalia mimi. Kisigino chake kilikuwa kimepasuka, na nilikuwa nimemwambia asubiri Krismasi. Siku hiyo tulikula ugali wa manjano na chumvi. Mume wangu ana kazi ya serikali, mimi nimesoma mpaka darasa la saba, sipiki pombe, na mtoto wangu yuko peku.

Nilisema moyoni: kumbe kumcha Mungu ni kukaa peku.

Alhamisi ile nikaenda ushirika peke yangu. Mama Nakiru alikuwa ameacha kuja. Alikuwa akisema ana homa.

Ushirika wetu ni wa watu waliookoka, na una desturi yake. Mtu anasimama, anaweka dhambi yake nuruni mbele ya wenzake, wanaimba, wanamkumbatia, anaketi mwepesi. Sheria ni moja, na Mama Ruth anayetuongoza huirudia kila wiki: weka yako, usiweke ya mwenzako. Ni sheria nzuri. Lakini kuna njia ya kuizunguka, tunaijua sote na hakuna anayeitaja. Unasimama, unatubu kwamba umekuwa na hasira. Halafu unaeleza hasira imetoka wapi. Kuna dada aliwahi kutubu uchungu wake kwa mkwewe, na alipomaliza hakuna kitu cha yule mkwe ambacho hatukukijua, mpaka sufuria anazoficha. Mimi na Mama Nakiru tulicheka njia nzima siku hiyo. Mama Nakiru alisema, "Huyu ametubu dhambi ya nyumba yote, bado paka tu."

Na mimi nikafanya vile vile.

Nikasimama. Nikasema nataka kuweka nuruni dhambi yangu, ya kwamba nimemficha dada mmoja anayepika pombe, na ukimya wangu umenitenga na Bwana. Mama Ruth akauliza kwa upole, "Ni dada yupi, tumwombee?"

Kuku alikuwa ameingia kanisani. Mtu akainuka kumfukuza, na kuku akazunguka madawati mara mbili kabla hajapata mlango. Muda huo wote nilikuwa nimesimama na watu wananingoja. Ulikuwa muda wa kutosha. Ningeweza kusema, mniombee mimi, yeye nitaongea naye nyumbani. Nilikuwa na kuku mzima wa kufikiria.

Nikataja jina. Na baada ya jina nikaongeza hili, ambalo hakuna mtu aliyeniuliza:

"Hata viatu vya mtoto vimenunuliwa na pombe."

Watu wakaguna. Wakaimba. Wakanikumbatia mmoja mmoja, na nilirudi nyumbani kama mtu aliyetua mtungi. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Moyo haukuniuma. Nilikuwa mwepesi, nikapika vizuri, nikalala vizuri.

Jumamosi askari wakaja. Mume wa dada mmoja wa ushirika ni askari. Simlaumu dada huyo, alimweleza mumewe wakati wa chakula kama mtu yeyote anavyoeleza mambo ya kanisa. Walimwaga pipa pale pale uani. Ardhi ya Isiolo ikanywa yote kwa dakika moja, maana ilikuwa haijanywa kitu tangu mwaka uliopita. Mama Nakiru hakupiga kelele. Alimshika Nakiru mkono, akamleta mpaka mlangoni kwangu, akauweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu.

"Shika," akasema.

Neno moja. Sikujua kama anajua.

Alipewa miezi mitatu. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa akasoma tangazo kwamba ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu, na akamtaja kwa jina lake lote la ubatizo. Nilikuwa na Nakiru mapajani. Aliposikia jina la mama yake likisomwa kanisani kwa sauti kubwa, akanigeukia akatabasamu. Alifikiri wanamsifu.

Tangu siku hiyo sijasinzia vizuri wakati wa mahubiri, na wanaonijua wanajua nilikuwa nasinzia.

Kisha viatu. Ilipita wiki nzima kabla sijagundua mtoto anatembea peku. Nilikuwa nimechoka, watoto watatu na maji ya kubeba mara nne, macho yangu hayafiki chini. Nikamuuliza viatu viko wapi.

"Choo."

"Vilianguka?"

"Hapana. Nilitupa."

"Kwa nini, mama?"

"Ni viatu vya pombe."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja rangi. Watoto wenzake walimwambia pale bombani. Walisikia kwa mama zao, na mama zao walisikia kwangu. Maneno yangu yalitoka kanisani yakazunguka Chechelesi yote, yakapiga foleni ya maji, yakarudi nyumbani kwangu kwa miguu ya mtoto wa miaka mitano, hayajabadilika hata neno.

Nilikwenda nikachungulia ndani ya shimo la choo. Sijui nilitaka nini. Kimoja kilionekana.

Ijumaa iliyopita nilimwona anachechemea. Nikamketisha, nikachoma pini kwa moto wa jiko, nikatoa miiba mitatu. Miwili ilikuwa mipya. Mmoja ulikuwa wa zamani na umeshatunga usaha, maana yake alitembea nao siku nyingi bila kuniambia. Hakulia. Alikuwa akiniangalia usoni tu. Halafu akauliza kama mama anajua ametupa viatu, na kama atamchapa.

Nikamwambia hatamchapa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo.

Leo baada ya ibada Mama Ruth aliniita kando. Nimwandike kwa haki: Mama Ruth si mtu mbaya. Ana duka, na tangu Nakiru aje kwangu hajawahi kukosa kumletea sukari kwenye kikaratasi. Akaniambia atakaa na watoto wangu mchana, mimi niende gerezani kumwona Mama Nakiru.

"Wewe ndiwe rafiki yake," akasema. "Muulize kama ametubu. Akisema ndiyo, tutaandika kwa kitabu, ili siku akitoka asikae benchi ya nyuma ya waliotengwa muda mrefu. Ni kwa faida yake, mwanangu."

Nikaenda na swali hilo. Nilibeba pia kipande cha sabuni na mafuta ya kupaka. Njiani nilijipangia maneno. Nilipanga ya kwanza, ya pili, na mahali pa kunyamaza, kama mtu anayekwenda kuposa. Jua lilikuwa kali mpaka mbwa walikuwa chini ya malori.

Walimleta nyuma ya wavu. Amekonda, wamemnyoa nywele. Sikumbuki niliwahi kuona kichwa chake bila shanga au kitambaa. Kina kovu dogo hapo juu ambalo miaka miwili hakuwahi kunionyesha.

Alinitangulia kuongea.

"Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Hapa tunakula unga ya manjano. Hata jela haina ubaguzi." Akacheka. Mimi sikuweza.

"Anavaa viatu? Miiba ya huko mbaya sana saa hii."

Maneno niliyopanga yote yakaondoka. Nikamwambia ametupa viatu chooni. Nikamwambia kwa nini. Na kwa kuwa huwezi kusema hilo bila kusema lingine, nikamwambia nani alisema hayo mara ya kwanza, na wapi, na kwamba nilimtaja jina, na kwamba kuku aliingia kanisani na nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikusema nilikuwa na mzigo moyoni. Sikusema ni kwa upendo. Nilisema, "Mwenda alikuwa peku, na mtoto wako alikuwa na viatu. Niliona wivu."

Askari wa kike alikuwa akichokonoa meno, akaangalia saa.

"Najua ni wewe," Mama Nakiru akasema. "Siku ile ile nilijua. Ni nani mwingine nilimwambia? Ulisema na ile sauti yako ya kusoma Biblia?"

"Ndiyo."

"Eh. Basi walisikia mpaka nyuma." Akashika wavu kwa vidole. "Mimi nilikuambia wewe kwa sababu nilisema, huyu hana mdomo. Kumbe mdomo iko, ilikuwa inangoja Alhamisi."

Nilisema nisamehe. Aligeuka akaangalia ukuta muda mrefu, na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Aliporudi uso wake ulikuwa umekauka tayari.

"Alichagua mwenyewe," akasema. "Ile viatu. Mwenye duka alitoa nyekundu, akakataa. Akasema, mimi nataka buluu. Hajawahi kuchagua kitu, huyo mtoto. Kila kitu anapewa tu."

Halafu akasema, "Kusamehe, hiyo tutaona nikitoka. Hapa ndani niko na kazi ya kufagia. Lakini usimwambie mtoto mimi ni mbaya."

"Sitamwambia."

"Utamwambia nini? Wewe hutaki kudanganya."

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikafikiri, na askari akatuonyesha kidole kwamba muda umekwisha. Nikasema, "Nitamwambia mama yako aliona njaa yako, akashika kitu kibaya kwa sababu ndicho kilikuwa karibu. Na mimi nilikuwa karibu zaidi, na sikunyoosha mkono."

Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza leo.

"Hiyo ni ndefu kwa mtoto," akasema.

"Nitaifupisha."

"Fupisha."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema kweli, nikasema na ile nyingine. Nilimwambia chang'aa hatapika tena. Si ukutani kwangu, si mahali pengine. Kuna mama wa watoto wanne mtaani ambaye mumewe amepofuka macho kwa kitu hicho, na sijali kilipikwa na nani. Nilimwambia akitoka tutakaanga mandazi, yeye na mimi, pale malori ya Garbatulla yanapolala, na mwezi ambao mandazi hayatatosha tutakuwa na njaa pamoja. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Ajabu ni kwamba hakukasirika. Yule niliyemwogopa mlangoni mwezi wa saba alikuwa tayari kusikia hili siku ile ile. Alikuwa amekuja kulisikia.

"Wewe hujui kukanda unga," akasema. "Mandazi yako ni mawe."

Askari akamchukua.

Nilitoka pale nikakumbuka sikuuliza lile swali.

Nilipofika nyumbani Mama Ruth alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, amembeba mtoto mgongoni, anamnywesha Nakiru uji. Akainuka haraka.

"Bwana asifiwe. Haya, amesemaje? Ametubu?"

"Mama, nilisahau kumuuliza. Nimetubu mimi."

Hakunielewa kwanza, nikamweleza yote, viatu na wivu na choo. Alikuwa amesikia maneno yale siku ile, alikuwa amenikumbatia wa kwanza. Aliketi tena. Akashusha macho akaangalia miguu ya Nakiru, ile bandeji niliyofunga kwa kitambaa cha nepi.

"Na mimi ndiye niliyeuliza ni dada yupi," akasema.

Nilikuwa na jibu, tena tamu, na lingemchoma. Nilikuwa nimelitengeneza tangu mwezi wa nane kwa ajili ya siku kama hii. Nililimeza. Mtu akijiona mwenyewe, wa kumsukuma wa nini.

"Utasema hayo Alhamisi?" akauliza.

"Nitasema. Lakini nitasema yangu tu. Na siku akitoka, kama ni benchi ya nyuma, mimi nitakaa naye. Niandikeni kwa kitabu mapema."

Akamfuta Nakiru mdomo, akamfungua mtoto mgongoni akanipa, akaenda. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Lakini alisahau kikaratasi chake cha sukari kikiwa kimejaa, na Mama Ruth hasahau vitu.

Ile habari ya Injili ya mwanamke aliyefumaniwa, akaletwa mbele ya Bwana na watu wenye mawe, siku hizi naogopa kuisoma. Zamani nilikuwa nikijiweka mahali pake, nalia kwa jinsi alivyosamehewa. Sasa najua nilikuwa wapi katika umati ule. Na wale hawakudanganya. Walisema kweli tupu. Kweli yangu ya Alhamisi nayo haikuwa na kosa hata moja ndani yake, ungeipeleka kortini ingesimama. Ilikosa tu mtu wa kumpenda.

Sijui Mama Nakiru atanisamehe. Labda atatoka, achukue mtoto wake, ahame upande ule mwingine wa mji ambako sitasikia kikohozi chake. Ana haki. Nimekaa hapa nikijaribu kukubali hilo na bado sijaweza.

Nakiru ameamka. Nimemwambia kwa ufupi: mama yako anarudi, hatakuchapa, na aliyekosea juu ya viatu ni mimi. Akauliza, "Wewe ulikosea?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akaenda kumwamsha Mwenda amwambie.

Kisha nikawasimamisha wote wawili kwenye mkeka nikawapima miguu kwa kamba. Nakiru alikataa kwanza, akauficha mguu nyuma ya mwenzake. Nikangoja. Akautoa.

Sasa niandike barua kwa mama yangu mzazi, maana Gitonga wa lori la kabeji anapita Nkubu Jumatano na hatangoja. Wacha nipange hapa nisisahau. Kabeji na ndizi za mwezi uliopita zilifika, nimshukuru. Ambavyo bado nahitaji anitumie ni hivi:

Unga mweupe wa mahindi, nusu debe. Wa manjano tunao, lakini tumbo la Mwenda linaukataa.

Maharagwe, ya aina yoyote, hata yaliyotobolewa.

Lile karai kubwa jeusi lililo darini, kama hajampa mtu. Na mwiko wake wa matundu.

Kijiti cha kusukumia unga. Na aniandikie, au amwambie dada aniandikie, jinsi ya kukanda mandazi yasiwe mawe, na aseme kweli bila kunihurumia.

Blanketi moja la zamani. Tuko wengi.

Kitambaa cheupe cha kichwa, kipya. Cha Mama Nakiru sijui kiliishia wapi siku ile, na hicho cha kwangu si cha kumpa.

Viatu vya plastiki vya mtoto, jozi mbili. Nimetia kamba ndani ya bahasha. Yenye fundo moja ni mguu wa Mwenda. Yenye mafundo mawili ni wa Nakiru, aongeze upana wa kidole, anakua. Vya Mwenda viwe rangi yoyote watakayokuwa nayo.

Vya Nakiru viwe buluu. Kama hakuna buluu hapo Nkubu, aulize Meru mjini. Nitangoja.